Viti vya Basi la Shule

Mwalimu wa darasa la mahitaji maalumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa shuleni, ana gundi kwenye kucha mwaka mzima. Vitabu humfikia tukishavichakaza sisi wengine, naye huviunga karatasi kwa karatasi huku akisonya. Kitabu chake cha usafiri hakina treni, ukurasa ulichanwa zamani, kwa hiyo treni huitoa kooni, na wanafunzi wake tisa huiitikia mpaka ukuta unatetemeka. Mara ngapi nimeugonga ukuta ule kwa rula, Mungu anisamehe.

Juzi shule ilipokwenda stesheni kuona treni, Mwalimu Mkuu alimwambia mbele ya watoto, "Hawa wako watatuchelewesha. Si wana vitabu?" Mimi, ndani ya basi, niliangalia saa.  Jirani yangu aliwapanga wote tisa mbele ya basi, injini ikinguruma, akafungua kitabu kwa kidole gumba, taratibu kama kila siku.

"Hili ni nini?"

"Basi."

"Lishikeni."

Wakalishika. Mmoja wao, asiyeona, akalaza shavu kwenye boneti, akacheka. Mwalimu Mkuu akapanda, akapiga honi. Mwalimu wao akalamba kidole, akafunua ukurasa, akawahamishia ubavuni.

"Madirisha mangapi hayana mtu?"

Wakahesabu pamoja, kwa sauti, mpaka matano. Kila dirisha viti viwili. Na kiti kilicho pembeni yangu, ambacho hawakuweza kukiona, nilikuwa nimekikalishia mkoba wangu.