Pua yangu na bendera ya chama

Leo walitaka kunifunga juu ya pua yangu!

Muganga alinifundisha pumzi za Wahindi za kushusha tansio ya damu: unaziba tundu moja ya pua, unavuta hewa polepole, unaitoa kwa ingine.

Asubuhi, watu wa mutaa tumesimama, bendera ya chama inapanda, kichwa kinanigonga. Nikaziba.

Mukubwa wa chama wa mutaa wetu akanirukia, akaniita raia kwa Kifaransa: «Sitwayeni, chama kinanuka?»

Loo!

«Mutoto wangu, nilikutawaza ukitoka chooni, ukiwa mudogo. Chama sijakinusa. Natafuta kuishi.»

Watu wakacheka. Akakasirika, akaniamuru nichezee chama ngoma ya kukisifu mpaka saa sita, ama anifunge. Na tansio hii!

Nikakaa chini palepale, nikaziba tena.

Mama yake mwenyewe, naye mugonjwa wa tansio, akakaa kando yangu, akaziba yake.

Dada zangu, ninyi mungecheza?

Sisi tumekaa. Atufunge wote wawili!