Mishahara Miwili na Mfuko wa Omena

Kuna mchana mmoja, mwanangu, ambao nikiukumbuka hata leo nashindwa kumaliza chai yangu. Ni ule mchana dani wako, mama wa baba yako, alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yetu mpya kule Karungu, mbele ya wageni, akiwa amevaa kitenge nilichomnunulia mimi mwenyewe. Ulikuwa darasa la tatu. Tulikuambia ngazi zilikuwa na maji, nawe ukaamini, ukaendelea kula keki. Hazikuwa na maji. Leo nakuambia ukweli, kwa sababu ya maneno uliyoniambia kwenye simu Jumapili.

Ulisema juu yako na mumeo, "Mama, mimi na Felix tunapata vizuri, hata naona haya kulalamika. Lakini tarehe kumi ikifika tumekwisha. Tunabana tu." Baba yako alisikia kutoka kwenye kiti chake akaguna. Nilishtuka kusikia maneno yangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, yakitoka kinywani mwako.

Tulikuwa tunaishi Homa Bay mjini. Baba yako alikuwa ofisa wa elimu. Mimi nilikuwa nimeacha wadi ya serikali na kuajiriwa na shirika moja lililohudumia wagonjwa vijijini, na mshahara wangu ukawa mara tatu ya ule wa zamani. Manesi wenzangu walininunulia soda siku ya kuniaga, wakanitania nisijifanye siwajui nikikutana nao sokoni. Kwa vyovyote vile tulikuwa watu wa kupata. Lakini sikumbuki mwezi hata mmoja nilipojiona hivyo.

Pesa ilikwenda wapi? Si ulevi, baba yako unamjua. Ilikwenda kwa kitu tulichokiita "watu kama sisi". Watu kama sisi hawawezi kukaa nyumba ya choo cha nje, basi tukahamia kule kilimani penye upepo wa ziwa na kodi ya kutisha. Watu kama sisi hawapeleki watoto shule ya jirani, basi ninyi watatu mkaenda akademi ya bweni, mdogo wenu akilia mpaka anatapika. Gari likaja kwa mkopo. Na matanga je? Unajua kwetu: jina lako linatajwa kwenye kipaza sauti pamoja na kiasi ulichotoa, na mwenye kipaza sauti akishajua mkeo yuko kwenye shirika, hakuachi ukae. Kuna siku baba yako alitoa mpaka pesa ya mafuta. Tuliacha gari palepale kwenye boma la marehemu, tukarudi kwa matatu, tukiwaambia watu kwamba limeharibika.

Lakini iliyotumaliza hasa ni nyumba. Tulikuwa tumeanzisha dala, boma letu wenyewe, kama desturi inavyotaka, karibu na kwa dani wako. Tungeweza kujenga vyumba vitatu tukatulia. La, tulitaka vigae vyeupe, nguzo mbili mbele, na nondo zilizoachwa zikichomoza juu kwa ajili ya ghorofa ambayo ingekuja baadaye. Humo tungelala Krismasi na Pasaka tu. Kila aliyepita njiani alisema, "Hawa watoto kweli wamemjengea mama yao." Nasi tuliitikia na kufurahi.

Sasa fikiria kidogo. Wewe mwenyewe unajua, kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe. Anaweza kuja mchana, akanywa chai, akasifu mapazia, kisha jua likizama anarudi kwake. Kwa dani wako palikuwa na vyumba viwili vya udongo na bati lililovuja juu ya kitanda. Tulitumia miaka mitatu tukimjengea mtu nyumba ambamo hangelala hata siku moja, na hakuna aliyelisema hilo, si mimi wala baba yako. Nadhani tulilijua, tukanyamaza kwa sababu sifa zilikuwa tamu.

Dani wako alikuwa mwanamke wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Aliinunua ufukweni, akaianika, akaipima kwa kopo la gorogoro sokoni, na kwa kazi hiyo alisomesha wanawe wanne. Mwaka wa kwanza wa ujenzi aliniambia, "Nyar Kasipul," ndivyo alivyoniita maisha yake yote, binti wa Kasipul, kwa kuwa nilitoka Oyugis, huko huko Kasipul, "siku hizi naona mbele tu. Watu wanatokea kando ghafla, nashtuka."

Mimi ni nesi, mwanangu. Nilijua ugonjwa huo kabla hajamaliza kusema. Ni presha ya macho, ile inayoanza kula kuona kwa pembeni, polepole, bila maumivu, na ikishakula hairudishi. Nilijua anahitaji daktari wa macho kule Kisumu na dawa ya matone kila siku. Nikamjibu, "Tutaenda, Mama. Mwezi huu tu ndio hakuna. Mwezi ujao."

Wala sikuwa namdanganya. Mkoba wangu ulikuwa mtupu kweli, fundi wa msingi alikuwa ametoka na chake asubuhi hiyo. Mwezi uliofuata ilikuwa karo. Uliofuata akafa mjomba wa baba yako, tukatajwa wa pili kwa mchango katika ukoo mzima. Hivyo hivyo, mpaka miaka miwili ikapita. Yeye alinikumbusha mara tatu tu, na kila mara kwa upole, kama mtu anayeomba msamaha.

Jambo jingine lililokuwa likitokea wakati huo nililiona dogo. Kila mwisho wa mwezi makanga wa gari la Karungu alituletea mfuko kutoka kwa dani wako, omena kavu, pengine na viazi vitamu juu yake. Tulituma shukrani. Kisha, kwa kuwa omena ilikuwa ikinukisha kabati zangu mpya, nilikuwa nampa mlinzi wa lango mfuko mzima. Nilidhani ni mapenzi tu ya mama kwa mwanawe, na mapenzi niliona yameshapokelewa.

Ikafika siku ya kubariki nyumba. Mahema, mchungaji, kwaya, ng'ombe amechinjwa. Mpango ulikuwa mama awe wa kwanza kuingia, apigwe picha. Baba yako alimshika mkono mpaka chini ya ngazi, mtu akamwita, akamwachilia kidogo tu. Ngazi nyeupe, sakafu nyeupe, jua la saa nane. Dani wako aliweka mguu mahali alipodhani ni tambarare, akaenda chini. Mkono wake wa kushoto ulivunjika, nikausikia.

Nilipiga magoti pale nikamshika. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka miwili kabla: nikapeleka vidole vyangu kando ya uso wake, nikavichezesha. Hakugeuka. Nikavisogeza karibu zaidi. Hakugeuka. Kwaya ilikuwa bado inaimba, hawakuwa wameona.

Pesa ya kwenda Kisumu ilipatikana jioni hiyo hiyo. Hilo nakuomba ulisikie vizuri. Miaka miwili ilikosekana, halafu ikapatikana jioni moja, kabla mahema hayajashushwa.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alisema jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na tundu dogo la kuonea, na hilo tundu linaweza kulindwa. Kisha akauliza kama kuna mtu yeyote wa afya katika familia. Baba yako alitazama dirishani. Nikasema, "Mimi." Hakuuliza zaidi. Afadhali angenigombeza.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwa dani wako, kwenye kile chumba chake, namtia matone. Alikuwa amelala chali, mkono umefungwa plasta, akasema kwa Kijaluo chake kile cha taratibu, "Nyathina, mtoto wangu, wewe na mwanangu Odhiambo bado mna ile shida?"

"Shida gani, Mama?"

"Ya pesa. Kila nikikuuliza unasema hakuna. Nikasema, kumbe hizi kazi za ofisi hazilipi kitu. Nimekuwa nawaombea kanisani mpate kazi nzuri. Na ile omena nilikuwa natuma, nilisema angalau watoto wasilale njaa."

Nilimwuliza kwa nini hakuiuza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Si ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kwenda kupimwa macho?" akasema. "Niliiweka kando kila mwezi. Lakini ninyi mna watoto na mnasema hakuna. Mimi nitafute macho na watoto wako na njaa? Nilipoona ile nyumba inapanda, nikasema ndiyo inawamaliza. Wacha iishe, watapumua."

Tone la dawa lilimwangukia shavuni badala ya jichoni. Hakuwa akinisuta, mwanangu. Angekuwa ananisuta ningejitetea, nami ni hodari wa kujitetea. Aliniamini tu. Nilikuwa nimemwambia mwanamke wa gorogoro kwamba watu wenye mishahara miwili hawana kitu, akaniamini, akanilisha. Na chakula chake nikampa mlinzi.

Nilimwambia ukweli. Nilisema, "Mama, pesa ilikuwako."

Alijipangusa lile tone shavuni kwa mkono wa kulia. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo karipio pekee alilowahi kunipa, "Basi usiniambie tena hakuna. Niambie umeipeleka wapi. Kama zamu yangu iko nyuma ya mapazia, sema niko nyuma ya mapazia. Nitajua pa kujiweka."

Nilipomweleza baba yako, alitoka nje akasimama kwenye uwanja akiitazama nyumba yake. Alilia. Hajawahi kukuambia, na mimi nakuambia bila ruhusa yake. Wiki hiyo akaliuza gari. Bati la mama yake likabadilishwa kabla ya kitu kingine chochote. Siku ya mshahara, kabla sijanunua hata mkate, nilinunua matone. Kwenye matanga yaliyofuata baba yako alitoa kiasi alichoweza, na mwenye kipaza sauti akakitaja mara mbili, akidhani amesikia vibaya. Watu wakaguna. Baba yako akaketi, akala wali wake, tukarudi nyumbani. Hakuna lililotupata.

Usidhani tulitajirika. Miezi ya kubana ilikuwapo, na karo yenu ilitutoa jasho. Ila tofauti niliihisi mwilini: kubana huku kupya nilikujua kumetoka wapi, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akipofuka ndani yake. Zile nondo bado zinachomoza juu ya paa, zimeshika kutu. Wageni huuliza lini tutapandisha ghorofa. Tunawaambia hatupandishi.

Dani wako aliishi miaka sita zaidi na lile tundu lake. Utakumbuka ulipoingia kidato cha kwanza, ulivyomwendea na sare mpya, akakushika uso kwa mikono miwili na kuusogeza huku na huku mpaka ukakasirika. Alikuwa anakutafuta ndani ya lile tundu. Alipokupata alicheka.

Haya, sasa nije kwako. Jumapili ulipokata simu, niliinuka nikaenda stoo, nikachukua mfuko, nikaanza kukupakia omena. Nilifika nusu ndipo mkono uliposimama. Nikajiona nimekuwa dani wako. Na mimi nilikuwa nimekuamini. Kwa hiyo sikilizeni, wewe na Felix. Pesa yenu si kidogo. Kinachowabana ni vile vitu vinavyochukua sehemu yao kwanza kwa sababu vina sauti: mwenye nyumba ana sauti, benki ina sauti, marafiki wa kila wikendi wana sauti, na kipaza sauti cha matangani ndicho kabisa. Msianze navyo. Kaeni, ninyi wawili tu, mtafute mtu mliyemwambia "mwezi ujao" akakubali bila kelele. Simjui ni nani. Si mimi, macho yangu napimwa kila mwaka na yako salama. Pengine ni mama yake Felix, pengine yule binti anayewalelea mtoto, pengine ni mwili wako mwenyewe. Mkishamjua, yeye achukue chake kwanza, siku ile ile ya mshahara. Kitakachobaki ndicho cha watu kama sisi. Na neno "hakuna" mliache. Semeni mmeipeleka wapi. Mkishindwa kulisema kwa sauti mbele ya huyo mtu, basi mmeipeleka pabaya, irudisheni.

Omena nimemaliza kuifunga, inakuja na gari la kesho. Ni ya kula, si ya mlinzi.

Mungu ailinde nyumba yenu, mwanangu, mishahara yenu iwatoshe na ibaki. Na zaidi ya hayo yote, akulindie kuona kwa pembeni, huko wanakosimama watu wanaokuamini.