Shanga Barazani

Nyapara alipofungwa, tulidhani mambo yamekwisha. Alikuwa akigawa posho kwenye kambi ya watengeneza barabara nje ya Mpanda, na wake za vibarua waliofuata unga aliwatoza kile ambacho mwanamke hatozwi. Kila mmoja alimnyang'anya shanga zake za kiunoni, akazihifadhi sandukuni. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Mumewe hakujua. Tuliojua ni mama na mimi, niliyekuwa nimeachika na kurudi nyumbani.

Kisha tarishi akapita mitaani akitangaza: vitu vya ile kesi vitawekwa mezani, barazani pa boma la serikali, kila mtu aje atazame, mwenye chake akichukue. Bwana shauri, mkuu wa wilaya, alitaka raia waone kwamba serikali haifichi kitu. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Shanga za kiunoni huzijua mwenyewe, mama aliyezitunga, na mume. Mwenyewe asingethubutu kwenda. Wangekwenda waume.

Dada alikuja kwetu jioni. "Kesho mume wangu anakwenda kutazama na wenzake. Akiziona, mama, ndoa sina tena."

Asubuhi mama alijifunga kanga zake, akaniambia nimfuate.

Bomani shanga zilikuwa zimepangwa juani kama samaki wa kuuza. Za dada nilizitambua mara moja, nyekundu na nyeupe, na moja ya buluu katikati. Mama akasimama mbele ya hizo shanga, akaipa meza mgongo. Tarishi akamwuliza chake ni kipi.

"Sina changu hapa. Nimekuja kusimama."

Shemeji akatokea na wenzake. Lakini kwetu mwanamume hakaribii alipo mama mkwe wake. Akimwona njiani huingia porini mpaka apite. Alipomwona mama alisita, akainamisha kichwa, akazunguka nyuma ya jengo. Baadaye akachungulia tena. Mama alikuwa palepale, ameiegemea meza kwa uchovu.

Bwana shauri akatoka kuuliza ana shida gani.

"Mkosaji mmemficha gerezani," mama akasema. "Mbona sisi mmetuanika?"

Bwana shauri akaeleza kwa upole kwamba mali lazima irudi kwa wenyewe, na serikali imetimiza wajibu wake. Meza itakuwepo na kesho.

Usiku ule sikulala. Mama asingeweza siku ya pili, na shemeji alikuwa amekwisha kusema atarudi.

Tulipofika asubuhi, mama akijikokota, tulikuta barazani wamejaa wanawake watu wazima. Walikuwa mama za wale wanawake wengine walionyang'anywa shanga. Walikuwa wamesimama kuizunguka meza, kimya, na hakuna aliyemwuliza mwenzake amekuja kwa ajili ya nani. Waume walijazana mbali, ng'ambo ya uzio, kila mmoja akitazama chini. Tarishi naye alikuwa ameoa hapohapo mjini. Alipomwona mkwewe anapanda ngazi, aliacha fimbo yake na meza aliyoagizwa kuilinda, akatoka mbio. Karani wa boma, ambaye naye mkwewe alikuwamo, akamfuata.

Bwana shauri aliita mtu wa kuleta sanduku, hakupatikana. Ikabidi alilete na kuzizoa shanga mwenyewe, uzi kwa uzi, azifunike humo, uso umemwiva, na wale mama wanamtazama mikono.

Dada alikuwa jikoni kwetu akisonga ugali.

"Wamezifunika," mama akamwambia.

Hakugeuka. Aliendelea kusonga, na ugali ulikuwa umekwisha kuiva zamani.