Farasi wa Uingereza na Madoa wa Mama Yangu

Siku ya msiba wa baba naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, Stella mjukuu wangu, na leo umenilazimisha niiseme. Umetoka Mazwi kuja kunijulia hali, ukakaa hapa jikoni kwangu Chanji tunachambua maharage, ukafungua simu yako ukanisomea habari za farasi jike wa Uingereza, wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Jina lake hata kulitamka lilikushinda. Alikimbia mbio akawaacha madume nyuma, halafu wakampumzisha azae. Akazaa. Mpaka leo farasi wanaoshinda huko wanatajiwa ukoo, mama kwa mama, hadi wanafika kwake. Ukanisomea pia kwamba wenzake wengi hawana hata majina, wameandikwa tu kwamba ni jike wa bwana fulani.

Hapo ukacheka. Halafu, kwa mdomo mwepesi kana kwamba unaniomba chumvi, ukaniambia shemeji zako wanamtaka yule mtamba wa ng'ombe niliyekupa ulipoolewa. Wanataka achinjwe Jumamosi kwenye kipaimara cha mtoto wao, na wewe unaona aibu kukataa. Tena ukaniuliza, "Bibi, mbona umenuna?"

Nimenuna, ndiyo. Farasi wa watu ana ukoo unaosomwa kwenye simu. Ng'ombe wa mama yangu ana mifupa tu, nayo sijui ilitupwa wapi.

Mama naye alipoolewa, baba yake alimpa mtamba mwenye madoa meupe aende naye, wajukuu wasikose maziwa. Tukamwita Madoa. Ng'ombe yule alikuwa na uzao wa baraka. Wanawe ndio maksai waliovuta plau kwenye shamba letu la njia ya Laela, na baba alipowalimia majirani ndipo sare yangu ya shule ilipopatikana. Watu wakipita walimsifia baba, "Tazama ng'ombe wa Mzee Oswadi walivyo." Mama yuko palepale anakamua, wanamruka kwa macho. Yeye anatabasamu tu. Unaona basi kwamba hao wa bwana fulani hawapo Uingereza peke yake.

Baba akafa mvua zikiwa zinakaribia. Watu wakajaa uani. Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa mtu wa kupenda sifa, Mungu amrehemu kama ataona inafaa. Akasema mdogo wake hawezi kuzikwa kwa maharage kama mtu asiye na ndugu. Maksai wasiguswe, maana msimu umefika na yeye mwenyewe alikuwa akiwategemea kulima kwake. Achinjwe Madoa, kwa kuwa amenona.

Amenona wapi, mwanangu. Alikuwa na mimba, na kila aliyewahi kushika kamba ya ng'ombe pale aliiona.

Shangazi yangu, dada yao, akainuka kwenye mkeka. "Kaka, maksai anakulimia misimu miwili mitatu. Jike anakulimia mpaka wajukuu. Mkitaka nyama, chukueni dume."

"Kaa chini," baba mkubwa akamwambia. "Msiba una wenyewe." Kisha akamgeukia mama. "Au shemeji una la kusema?"

Sasa sikiliza vizuri. Ng'ombe alikuwa wa mama. Alitoka kwa baba yake, hakutoka kwenye ukoo wa mume. Wazee wote waliokaa pale walilijua hilo, na neno moja tu lingetosha kuwafunga midomo. Mama akavuta kanga usoni, akasema, "Fanyeni mtakavyoona."

Mimi ndiye niliyetumwa maji ya kuoshea nyama. Walipompasua walimkuta ndama tumboni, naye jike, madoa yaleyale, wakamtupia mbwa. Watu wakala. Mmoja akasema hajawahi kuona msiba ulioheshimika kama ule, na baba mkubwa akatembea na sifa hiyo mpaka uzeeni.

Jioni shangazi akamfuata mama jikoni. Alimwambia maneno mawili tu: "Wifi, wao wamechinja ng'ombe. Wewe umewachinja wanao." Nilimchukia kwa maneno yale, kumwambia mjane hivyo. Nimekuja kumwelewa nikiwa na jembe mkononi. Maksai mmoja alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, huko alikokwenda kulimishwa na baba mkubwa, mwingine akazeeka, na wa kuzaa wengine tulikuwa tumeshamla. Tukarudi kwenye jembe la mkono, mama na mimi, tukifukia nyasi kwenye matuta ya ulezi. Shule ikaishia hapo. Nilikuwa naipenda, mwanangu, naipenda mpaka leo ninapokuona wewe unasoma haraka haraka bila kufuata kwa kidole. Baba mkubwa alipokufa nilienda kuzika kama watu wote, nikala ugali wao, nikarudi. Chozi halikuja na sikulitafuta.

Wazee husema mstahimilivu hula mbivu. Ni kweli, ila hawakuambii kwamba mara nyingi mbivu zenyewe wanakula wengine. Mama alisifiwa upole mpaka siku tuliyomzika. Tulipomwosha, viganja vyake vilikuwa vimepasuka pasuka, na katika wote waliomsifia sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuja na jembe.

Basi shika hili. Wakwe waheshimu, shikamoo zao wape, magoti piga. Kuku peleka, mchele peleka, kapike mpaka macho yawe mekundu kwa moshi. Lakini jike wa uzao hachinjwi kwa sifa ya siku moja, na mali uliyopewa kwenu ikitajwa mbele za watu, aibu si kusema. Sema, "Huyu ni wangu, bibi alinipa, na ana kazi." Watakununia. Waache wanune, kununa hakujaua mtu, na huyo mtamba akizaa watakuja wenyewe kuomba maziwa. Wape.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akupe watoto wenye afya, akupe zizi lisilokauka maziwa, na hiyo Jumamosi akupe uso mkavu.