Kamba za Vibuyu

Miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiisukuma reli kuelekea Tabora, Dorkasi, mke wa mwinjilisti Sostenes, alifundisha wasichana katika shule ya misheni upande wa Nzuguni. Kazi aliyopewa ni kuwakaririsha katekisimu, basi. Na uwele wa misheni ulipoanza kukomaa, hata hiyo ilikoma: wasichana walitolewa darasani kwenda kuamia ndege, wakizunguka shamba na kupiga kelele tangu alfajiri hadi sauti ziwakauke.

Dorkasi aliwakalisha kando ya shamba akawauliza wafanyeje ili ndege wafukuzwe na masomo yaendelee. Walimtazama tu, wakingoja awape jibu wakariri. Hakuwapa. Wakasimamisha sanamu ya majani. Ndege wakatua kichwani pake. Kisha Anyesi, binti wa mfuga mbuzi, akasema vibuyu vikitiwa kokoto na kufungwa kwenye kamba moja ndefu, mtu mmoja ataweza kuvitikisa vyote. Kamba ya kwanza ilikatika. Wakasokota nyingine kwa nyuzi za gome la mbuyu, ikashika. Mmoja akawa anavuta, wenzake wanasoma kivulini.

Mkuu wa misheni alipoona hayo hakuuliza hata nani aliyebuni. Alisema ni uvivu, na kwamba watoto wa kishenzi hufunzwa utii kwanza. Akaamuru kamba zikatwe, tena wazikate wasichana wenyewe. Anyesi alikata huku analia.

Dorkasi akatakiwa kuomba radhi kanisani. Sostenes alimsihi akubali, maana hata nyumba waliyokaa ilikuwa ya misheni. Jumapili akasimama mbele ya watu wote.

"Bwana," alimwambia mkuu wa misheni, "watoto hawa waliulizwa swali, wakafikiri, wakapata jibu. Kama hiyo ni dhambi, mtafute mwingine wa kuiombea msamaha."

Yeye na Sostenes wakafukuzwa, wakahamia kwenye tembe la kaka yake. Sostenes alimnunia mkewe mpaka mvua zikaanza. Ndege walikula sehemu kubwa ya uwele, na waliochapwa kwa hilo ni wasichana.

Mpaka uzeeni, ukimtajia shule ile, Dorkasi alikunja uso. Kazi hakuijutia. Kilichomchoma ni siku aliyorudi kuchukua vyungu vyake akapita karibu na dirisha la darasa. Mwalimu mpya alikuwa akimuuliza Anyesi jambo. Msichana alisimama, mikono nyuma.

"Sijui, Mwalimu," alijibu. "Niambie niseme nini."