Gari Lililopenda Mvua

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na lile gari lilinijua. Lilikuwa gari la mizigo kuukuu, bodi yake ya nyuma ya mbao, mali ya mama mmoja mjane wa Mutuini aliyeniajiri niliendeshe. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mimi nilitoka magharibi kutafuta kazi, nikaipata kwake, nikapewa na chumba nyuma ya zizi. Alfajiri tulipakia kabichi, karoti na viazi, tukashika barabara ya Ngong, tukapita yale maduka mapya ya Adams hadi sokoni mjini. Masalio tuliyapeleka Kitisuru, tukiuza kwenye milango ya jikoni kwa Wazungu.

Ugonjwa wa gari ulikuwa mmoja tu. Ukikanyaga mafuta linakwenda vizuri, wala hulaumu. Ukiondoa mguu ili lingurume taratibu, linakohoa, linatetemeka, linazima. Sasa fikiria uko katikati ya mji saa sita mchana, askari wa barabarani amekuinulia mkono, na wewe huwezi kusimama bila kuzimikiwa. Nilikuwa nashuka na hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, naizungusha mbele ya watu wote, huku nyuma honi zinanililia. Nililitukana kwa lugha ya nyumbani ili mama asielewe. Alielewa.

Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Mumewe alilinunua gari kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akalitumia muda si mrefu, akaugua, akafa. Kabla ya gari, mama alibeba mboga mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani, na kamba ile ilikuwa imemchimbia alama juu ya paji la uso, mpaka leo nikifumba macho naiona. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alisema gari lina kisirani na liuzwe. Kwa desturi yao neno la shemeji halikuwa neno la kupuuzwa. Alikwisha kumleta mwenye bucha mmoja alitazame, lakini gari likazima mbele yake mara tatu, yule bwana akavaa kofia yake akaenda. Shemeji akasema basi, mwezi ukiisha litauzwa vyuma. Mama aliniambia maneno machache siku ile: "Dereva, mimi shingo yangu imechoka."

Nikalipeleka kwa fundi Mhindi aliyekuwa na gereji nyuma ya River Road. Alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha. Alibadilisha plagi, akafungua kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa, akaiosha kwa petroli, akapuliza kila tundu, akakaza kila alichoweza kukaza. Siku hiyo ilikuwa ya manyunyu. Gari likanguruma pale gerejini taratibu, bila kutikisika, mpaka tukaangaliana tukacheka. Kesho yake mchana, mbele ya soko, likazima. Nilirudi kwake nimefura. Hakukasirika. Alinieleza kwamba injini nayo huvuta pumzi, na pumzi yote inatakiwa ipitie kwenye kabureta. Ikipata mahali pengine pa kuvutia hewa, ikiwa mbioni haisikii, lakini ikitulia inapaliwa. Tukatafuta tundu hilo pamoja kwenye injini nzima, tusilione. Akaniambia hewa inaingia mahali, yeye ameshindwa, nitafute mwenyewe.

Basi hapo ndipo jambo lile lilipoanza kuniingia kichwani. Hasira zikapungua, nikawa na hamu tu ya kujua. Nilianza kulichunguza gari kama mwanamke anavyomchunguza mke mwenza. Alfajiri, Mutuini ina ukungu, linanguruma vizuri. Siku ya mvua, vizuri kutwa. Jua likipanda, balaa. Nikajiambia, kumbe ni joto. Nikalifunika boneti kwa magunia yaliyoloweshwa, nikaliegesha kivulini kila nilipopata mti. Wapi! Likazima kivulini vilevile. Wauza mboga wenzangu wakaniuliza kama nauguza gari au mgonjwa wa homa.

Siku moja tulikuwa Kitisuru, jua la kupasua mawe. Mpishi wa nyumba moja, mtu wa kwetu, alinionea huruma akaniachia mpira wa maji nilioshe gari maana lilikuwa jekundu kwa vumbi. Niliosha juu mpaka chini. Nikapiga hendeli, nikaondoa mguu kwenye mafuta. Likanguruma. Nikangoja lizime, likanikatalia. Injini ilikuwa bado ya moto, jua lilikuwa utosini, na gari limetulia. Nikashuka, nikalizunguka lote nikilisikiliza. Kumbe halikuwa jambo la joto wala baridi. Gari lilitaka maji!

Sasa akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku ile zilisimama. Kesho yake, Ijumaa, tulirudi mapema, nikaliacha uani likauke kabisa mpaka likaanza kuzima tena. Kisha nikachukua kitambaa na kopo la maji. Mama nikamwomba akae kwenye usukani alikanyagie mafuta kidogo lisife, mimi nikaanza kulowesha sehemu moja moja. Nikalowesha kabureta, sauti ileile. Mabomba, ileile. Taa, boneti, milango, kote ileile. Mama akaniuliza kama nina akili timamu. Nikapanda juu ya tairi nikakamua kitambaa kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele, maji yakachuruzika ndani.

Sauti ikabadilika.

Polepole, injini ikajikusanya, mtetemo ukapungua. Mama akaondoa mguu na gari halikuzima. Nikaingiza kichwa ndani. Pale juu ya kioo palikuwa na waipa zamani, zile za siku hizo zilizoendeshwa na pumzi inayovutwa na injini yenyewe, kwa mpira mwembamba uliopanda kutoka chini ya boneti. Waipa ilikwisha kufa na kutolewa. Mvua ikinyesha mimi nilisugua kioo kwa kiazi kilichokatwa, maji yakateleza. Lakini mpira ulibaki, na mdomo wake ulizibwa kwa gunzi la mahindi.

Gunzi! Nililiona kila siku ya Mungu. Fundi naye aliliona. Ila nani kwetu hushangaa gunzi kwenye mdomo wa kitu? Kila nyumba chupa ya mafuta ya taa imezibwa kwa gunzi, kibuyu cha maziwa kwa gunzi. Jicho huliona likapita. Kikulacho ki nguoni mwako. Gunzi likilowa linavimba na kuziba vizuri. Likikauka linasinyaa, na moyo wake wote ni matundu. Nililichomoa, injini ikazima papo hapo. Nikaweka kidole, mama akashuka akapiga hendeli likawaka, na ule mpira ukaninyonya kidole kwa nguvu nikacheka peke yangu. Nilikuwa na furaha ya mtoto.

Mama hakucheka. Alilichukua lile gunzi akaligeuza mkononi, akaniambia mumewe alilitoa kwenye chupa yake ya jikoni, na kwamba siku ile yeye aligombana na mumewe kwa kumwachia chupa wazi. Machozi yalimlengalenga. Nikaenda kando nikachonga kizibo cha mti mgumu, nikakisugua nta ya mshumaa, nikakisokomeza kwenye mdomo wa mpira. Gari likanguruma jioni nzima.

Shemeji alipita wakati huohuo, akasimama langoni akisikiliza. Mimi nilikuwa nimejaa maneno, nataka kumwonyesha kila kitu, lakini mama alinikatiza akaniambia niende nikanywe chai. Shemeji hakuuliza limeponaje. Alitabasamu tu, akasema, "Vizuri sana. Sasa litapata bei. Kesho nitamleta yule wa bucha."

Nilikiweka kikombe chini. Nilidhani ugonjwa ndio adui. Kumbe kupona ndiko kulikomleta mnunuzi. Usiku ule nilijilaumu kwa udadisi wangu. Laiti ningeliacha likohoe.

Jumamosi wakaja, shemeji na mwenye bucha, na wazee wawili wa ukoo kushuhudia. Mama alikwisha kuvaa gauni lake la kanisani. Aliomba aketi ndani ya gari kwa mara ya mwisho, kwa ajili ya marehemu, na hakuna aliyeweza kumkatalia mjane jambo kama hilo. Nikapiga hendeli. Likawaka, likakohoa, likazima. Nikapiga tena. Likatetemeka mpaka milango ikagongana, likazima. Jasho lilinitoka. Nilijua kazi yangu, nilikifunga kizibo kile vizuri. Mara ya tatu likazima kabla sijasimama wima. Mwenye bucha alimtazama shemeji kwa jicho baya, akamwambia asimwite tena kutoka kazini kwa ajili ya takataka, akaondoka zake. Mmoja wa wazee akasema gari lenye kisirani lisiingizwe kwenye mali ya ukoo, likae na mwenyewe. Mwenzake akaitikia. Shemeji akapiga teke tairi.

"Kaa nalo basi," akamwambia mama. "Usiniite likikufia njiani."

"Sitakuita, shemeji."

Tuliwasubiri wapotee kwenye mteremko. Kisha mama akafungua kiganja kilichokuwa kimefumbwa muda wote mapajani. Kizibo changu kilikuwa humo, kimemwachia alama nyekundu kwenye ngozi. Alikirudisha mahali pake kwa kidole gumba, akasogea upande wa abiria.

"Washa," akasema. "Kabichi zinanyauka."