Maji ya Pampu

Baba yangu aliendesha pampu mgodini miaka mingi, akiyatoa maji shimoni na kuyamwaga mtoni. Alipostaafu, tulikwenda kuvua kila Jumapili baada ya misa, na mwanzoni tulirudi nyumbani Kapata na ndoo imejaa samaki. Jumapili moja mwaka jana tulishinda mtoni kutwa tukapata kambale mmoja tu, mwenye vidonda mgongoni.

"Tata, tumupelekee mama?" nilimuuliza baba.

"Hapana. Ile mayi yote, ni mi njo nilikuwaka nafungula."

Nilimwambia kwamba alipoyafungulia maji ya mgodi alikuwa akifuata amri za wakubwa tu. Alimrudisha samaki majini taratibu, akakunja nyavu. Tangu siku hiyo, baada ya misa huketi mbele ya nyumba mpaka jua lizame.